Uzito, Tangi na Mikono ya Mwendesha Msumeno

Mazungumzo ya elimu kwa wakazi wa kata kuhusu uchaguzi wa misumeno ya mnyororo



Katika Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mufindi hadi Njombe na Makete, shamba la miti ndilo akiba ya kaya nyingi. Msindano uliopandwa mtoto akiwa mgongoni huangushwa ili alipiwe ada ya chuo. Kati ya mti uliosimama na fedha zinazofika nyumbani yupo mtu ambaye mikutano ya kijiji haimtaji sana, naye ni mwendesha msumeno wa mnyororo, yule ambaye wengi humwita mtu wa chenso. Mazungumzo haya yanahusu chombo anachokishika mtu huyo kutwa nzima: uzito wake, mafuta kinayobeba, na jinsi kinavyoitendea mikono yake.

Jambo hili linaletwa mbele ya wananchi kwa sababu ya fedha na kwa sababu ya afya. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kinachoandaa andiko la mradi wa uvunaji wa miti lazima kitaje msumeno, na mara nyingi msumeno ndio kifaa cha bei kubwa kuliko vyote katika andiko hilo. Kikundi kikikosea hapo, marejesho ya mkopo yatategemea chombo kisichoifaa kazi, na chombo hicho kitashikwa na mikono ambayo hakuna mkopo unaoweza kuinunua upya ikishaharibika.

Dukani, iwe Mafinga, Makambako au Njombe mjini, swali la kwanza la mnunuzi huwa ni hili: ipi ina nguvu zaidi? Muuzaji humwelekeza kwenye mashine kubwa iliyo juu ya rafu. Mnunuzi huiinua, huitikisa kidogo, hutabasamu, kisha huanza kuzungumza bei. Aliyoinua mashine hiyo ni mikono iliyopumzika, kwa muda wa sekunde kumi, na mashine yenyewe ilikuwa kavu.

Hilo la ukavu linahitaji kuelezwa vizuri, kwa maana ndiko upotoshaji mwingi wa uzito unakoanzia. Uzito unaoandikwa katika vitabu vya watengenezaji ni wa injini na mwili wa mashine peke yake. Haumo uzito wa petroli, haumo wa oili ya mnyororo, haumo wa lile bamba refu la chuma ambalo mafundi huliita baa, wala wa mnyororo wenyewe. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo. Baa ya sentimita 50 pamoja na mnyororo wake huongeza kilo moja au zaidi. Kwa hiyo mashine iliyoandikwa kilo 6 huingia shambani ikiwa na kilo 8 na ushei.

Ichukuliwe mifano ya mashine zinazojulikana. Stihl MS 070, mashine ya muundo wa zamani ambayo wapasuaji wengi wa mbao barani Afrika wameizoea, ina injini ya sentimita za ujazo 106, nguvu ya kilowati 4.8, na uzito wa kilo 10 na nusu ikiwa kavu na bila baa. Ikishajazwa mafuta na kufungwa baa ndefu ya kazi yake hupita kilo 13. Husqvarna 372 XP, ambayo kwa miaka mingi imekuwa mashine ya wakata miti wa kulipwa katika nchi nyingi, ina sentimita za ujazo 70.7, kilowati 3.9, na kilo 6.1 ikiwa kavu. Stihl MS 382 iko katika daraja hilo hilo: sentimita za ujazo 72.2, kilowati 3.9, na kilo 6 na kidogo. Chini yake lipo daraja la sentimita za ujazo 50, ambamo Stihl MS 261 yenye kilowati 3 na Husqvarna 550 XP yenye kilowati 2.8 hukaribiana sana, kila moja ikiwa na takriban kilo 5 ikiwa kavu.

Anayezitazama namba hizo kwa makini ataona jambo ambalo macho hayalioni dukani. Kutoka MS 261 hadi MS 070, nguvu huongezeka kwa zaidi kidogo ya nusu, wakati uzito huongezeka zaidi ya mara mbili. Kilo hizo zilikuwa gharama ya teknolojia ya wakati wake, na anayezibeba leo ni mwendeshaji.

Hata hivyo, uzito si mbaya kila mahali. Mwangushaji anapokata shina la mti mkubwa, mashine huegemea mti kwa yale meno ya chuma yaliyo chini ya injini, na mti wenyewe hubeba sehemu ya mzigo. Mpasuaji anayechana gogo la mninga lililolala chini huuacha uzito wa mashine ushuke na kazi, na baa ndefu pamoja na injini kubwa inayozunguka polepole kwa nguvu ndivyo hasa vinavyotakiwa. Huko MS 070 imejijengea heshima yake, na mzee aliyeitumia miaka ishirini hana sababu ya kuonewa.

Shamba la msindano ni jambo jingine. Miti ya kupunguzia huwa na kipenyo cha sentimita 15 au 20. Kuiangusha ni kazi ya dakika moja au chini ya hapo. Baada ya kuanguka ndipo kazi yenyewe huanza: mwendeshaji hutembea kando ya shina, mashine mkononi, akikata tawi baada ya tawi, kulia, kushoto na juu, akiinua na kushusha. Akiinua mashine mara 300 kwa siku, na mashine yake ikiwa na kilo 2 zaidi ya ile iliyotosha kazi hiyo, jioni atakuwa ameinua kilo 600 zisizomwingizia hata shilingi. Akiwa na MS 070 mahali ambapo MS 261 ingefaa, tofauti si kilo 2 bali ni karibu kilo 7, na hapo mgongo hauhitaji kufanyiwa hesabu. Uchovu huo pia huleta ajali. Mkono uliochoka hushusha ncha ya baa bila kukusudia, ncha hugusa tawi lililojificha, na msumeno hurusha teke kuelekea usoni. Mashine za kisasa zina breki ya mnyororo ambayo husimamisha mnyororo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde teke linapotokea. Mashine isiyo na breki hiyo, au ambayo breki yake imefungwa kwa waya kwa sababu ilikuwa ikisumbua, haipaswi kununuliwa kwa fedha za kikundi chochote.

Sasa kuhusu tangi. Wengi huamini kwamba tangi kubwa ni faida tupu: mwendeshaji hujaza mara chache, hukata miti mingi. Tangi la MS 070 lina lita 1.2, la 372 XP lita 0.77, la MS 382 lita 0.68, na yale ya daraja la sentimita za ujazo 50 yana nusu lita. Kwa kuzisoma namba hizo peke yake, MS 070 ingeonekana kudumu zaidi ya mara mbili ya MS 261. Lakini tangi hulishwa na injini, na injini kubwa ya muundo wa zamani hunywa sana. Mashine mpya za daraja la nusu lita hutumia mfumo wa kuingiza hewa safi kwanza ndani ya silinda ili petroli isitoroke na moshi kabla ya kuungua, na watengenezaji hutaja akiba ya mafuta ya hadi asilimia 20 kwa mfumo huo. Katika kukata mfululizo, mashine ya sentimita za ujazo 70 huweza kumaliza lita mbili kwa saa. Kinachofaa kuulizwa dukani, basi, ni muda ambao tangi hilo hudumu katika kazi iliyokusudiwa. Kwa mashine nyingi za kitaalamu jibu huwa kati ya nusu saa na saa moja.

Ukomo huo una manufaa yake, ingawa haukupangwa na daktari. Tangi likiisha, mikono hupumzika. Mwendeshaji aliyefundishwa vizuri hutumia nafasi hiyo kupitisha tupa kwenye meno ya mnyororo, kukaza mnyororo uliolegea, kusafisha kichujio cha hewa na kunywa maji. Tangi la oili ya mnyororo nalo hupimwa kiwandani lisiishe kabla ya tangi la petroli, hivyo vyote viwili hujazwa kwa pamoja. Ikitokea petroli imeisha na oili imebaki karibu yote, hiyo ni habari mbaya: tundu la oili limeziba, na baa imekuwa ikiungua kavu. Jambo hilo hutokea zaidi pale mtu anapotumia oili chafu iliyotolewa kwenye gari. Oili hiyo ina vumbi la chuma, huziba pampu, na humwagika juu ya mikono ya mtu siku nzima.

Kuchanganya petroli ni somo ambalo hugharimu pistoni nyingi. Injini hizi hazina mahali pa kuweka oili peke yake. Oili huchanganywa na petroli. Kwa oili nzuri ya injini za mipigo miwili, kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita, au mililita 100 kwa kidumu cha lita 5. Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa hulimaliza jambo hili kwa usahihi ambao kifuniko cha chupa hakiwezi kuufikia. Oili ikipungua, pistoni hukwama. Ikizidi sana, plagi huchafuka na moshi humzonga mwendeshaji. Mafuta hujazwa mashine ikiwa imezimwa na kupoa kidogo, juu ya ardhi iliyosafishwa majani makavu, na mashine husogezwa angalau mita 3 kutoka mahali pa kujazia kabla ya kuwashwa. Katika mwezi wa Septemba, nyasi zikiwa kama karatasi, mita hizo 3 ni ulinzi wa shamba la jirani pia.

Linabaki la tatu, ambalo kwa Kiswahili cha dukani huitwa starehe ya mashine, na neno hilo limeliponza. Mtu akisikia starehe hudhani ni anasa, kama kiti cha sponji. Katika msumeno wa mnyororo maana yake kuu ni mtetemo.

Misumeno ya kwanza iliyoweza kubebwa na mtu mmoja ilikuwa na mishikio iliyofungwa moja kwa moja kwenye injini. Kila mlipuko ndani ya silinda ulifika kwenye mifupa ya vidole. Katika miaka ya 1960 wakata miti wa nchi za baridi, Japani na Uingereza zikiwemo, walianza kueleza hali moja: asubuhi za baridi vidole vyao hufa ganzi na kugeuka vyeupe kama nta, kisha damu hurudi kwa maumivu makali. Ugonjwa huo ulipata jina la vidole vyeupe. Nchini Uingereza uliingizwa mwaka 1985 katika orodha ya magonjwa ya kazini yanayotambuliwa na serikali kwa ajili ya mafao. Mishipa midogo ya damu huumia, na neva pia. Mtu huanza kwa kuhisi sindano kwenye ncha za vidole baada ya kazi. Miaka ikipita hushindwa kufunga kifungo cha shati, hushindwa kuitambua sarafu mfukoni kwa kugusa, huangusha kikombe. Neva zikishaharibika sana hazirudi.

Baridi ndiyo huamsha mashambulizi hayo, na hapa mkazi wa Nyanda za Juu Kusini ana sababu ya kusikiliza kuliko mwenzake wa Kilwa au Tanga. Makete hupata jalidi katika miezi ya Juni na Julai. Njombe, ambako ni karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mtu huingia shambani saa moja asubuhi akiwa amevaa makoti mawili, na mikono yake, iliyo wazi, huishika mashine yenye baridi ya usiku kucha. Weupe wa vidole hauonekani kwa urahisi juu ya ngozi nyeusi. Hutazamwa zaidi chini ya kucha na upande wa kiganja, na kwa sababu hiyo wengi huishi nao kwa muda mrefu wakidhani ni baridi tu, au uzee.

Mashine ya kisasa ya kitaalamu imegawanywa sehemu mbili. Injini na baa ni sehemu moja. Mishikio ni sehemu nyingine, mara nyingi ikiwa pamoja na tangi la mafuta. Sehemu hizo mbili huunganishwa kwa springi za chuma au mipira migumu, ili mtetemo wa injini uishie hapo kabla ya kufika mkononi. Mnunuzi anaweza kujipimia bila kuwasha chochote: aiweke mashine juu ya meza, ashike mishikio yote miwili, asukume na kuvuta taratibu. Mashine yenye kinga hiyo hucheza kidogo, kama mkokoteni wenye springi. Isiyo nayo husimama kama jiwe. Kwa mashine iliyotumika, mipira iliyopasuka au kukauka huonekana kwa kuinama na kuangalia, na kuibadilisha ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na injini.

Kipo kipimo cha mtetemo, nacho huandikwa katika kitabu cha mashine kwa mita kwa sekunde mraba, mshikio wa mbele na wa nyuma kila mmoja na namba yake. Mnunuzi hahitaji kuijua fizikia ya namba hizo, ila ajue matumizi yake. Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya mwaka 2002, uliweka viwango viwili kwa siku ya kazi ya saa 8: wastani wa mtetemo ukifika 2.5, mwajiri anatakiwa achukue hatua za kuupunguza. Ukifika 5, kazi hiyo haipaswi kuendelea siku hiyo. Mashine yenye mtetemo wa 3.5 hukifikia kiwango cha kwanza baada ya saa 4 hivi za kuunguruma mkononi. Mashine yenye mtetemo wa 7 hukifikia baada ya saa moja tu, na kiwango cha pili baada ya saa 4. Mtetemo ukiwa mara mbili, muda salama hushuka hadi robo yake. Hapo ndipo tangi na mtetemo hukutana: mwendeshaji anaweza kuhesabu matangi badala ya saa. Ikiwa tangi lake hudumu dakika 40, matangi 6 ni saa 4. Kikundi chenye waendeshaji wawili wanaopokezana kwa tangi, badala ya mmoja kukata siku nzima na mwingine kubeba magogo siku nzima, huigawa hatari hiyo kwa mikono minne.

Namba ya kitabu ni ya mashine mpya yenye mnyororo uliochongwa vizuri. Mnyororo butu huilazimisha mikono kusukuma, na mtu anayesukuma hushika kwa nguvu, naye anayeshika kwa nguvu hupokea mtetemo zaidi. Dalili iko chini miguuni: mnyororo mkali hutupa vipande vya mbao, mnyororo butu hutoa unga kama wa mahindi. Glovu zisaidie kuweka mikono joto na kavu, japokuwa hazizuii mtetemo wa kutosha kutegemewa. Nchi za baridi hununua matoleo ya mashine zenye mishikio inayopashwa joto na injini yenyewe. Husqvarna huyatambulisha kwa herufi G mwishoni mwa jina. Makete wangekuwa na matumizi nayo, iwapo maduka yangeyaleta.

Kelele nayo isisahauliwe. Misumeno hii hutoa zaidi ya desibeli 100 sikioni mwa mwendeshaji. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini, sikio lisilokingwa huvumilia desibeli 85 kwa saa 8 na desibeli 100 kwa dakika 15 tu. Kinga ya masikio ya kichwani, ile inayofanana na vipokea sauti vya redio, inapaswa kuandikwa katika andiko la mkopo pamoja na kofia ngumu, buti na suruali yenye nyuzi za kukwamisha mnyororo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga, na mwenye shamba kubwa anayeajiri wakata miti ni mwajiri.

Jambo moja zaidi kuhusu mazingira ya huku juu. Hewa ya mwinuko wa mita 1,900 ni nyepesi, na injini hupoteza sehemu ya nguvu zake. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam hutoa petroli nyingi mno kwa hewa hiyo, na mashine hutoa moshi, hukosa pumzi na kula mafuta. Mafundi husikika wakisema mashine imekuja na uchovu wa safari. Haina uchovu, inahitaji bisibisi na mtu anayejua kuisikiliza. Baadhi ya mashine mpya, zikiwemo 550 XP na toleo la MS 261 lenye herufi C-M, hujirekebisha zenyewe kwa kifaa cha kielektroniki. Ni urahisi mkubwa, lakini kikundi kiulize kwanza kama fundi wa karibu anacho chombo cha kukisoma kifaa hicho kinapoharibika.

Yote haya yakiwekwa katika andiko la mkopo, picha hubadilika. Ichukuliwe kwamba kikundi cha vijana watano kinataka kufanya kazi ya kupunguzia na kuvuna misindano katika mashamba ya wanakijiji. Kwa kawaida kitaandika msumeno mmoja mkubwa. Kazi iliyopo humhitaji mtu mmoja mwenye mashine ya daraja la sentimita za ujazo 70 kwa mashina makubwa, na mwingine mwenye mashine ya sentimita za ujazo 50 kwa matawi na miti midogo. Mashine mbili huruhusu watu wawili kufanya kazi katika sehemu mbili zilizo mbali kwa usalama, na moja ikienda kwa fundi, kazi haisimami na marejesho hayasimami. Iwapo fedha hutosha moja tu, ya sentimita za ujazo 70 yenye kinga ya mtetemo ndiyo yenye busara zaidi, kwa kuwa hufanya kazi zote mbili, japo kwa matawi itachosha kidogo. Kikundi ambacho kazi yake ni kuchana magogo makubwa kina haki ya kuandika mashine kubwa, na kitaje hivyo waziwazi.

Akina mama wenye mashamba wanaokodi wakata miti nao wana la kuangalia. Mnyororo wa msumeno mkubwa hula karibu sentimita moja ya mti kila unapopita. Gogo likichanwa mara kumi kwa chenso, sentimita 10 huwa unga, na unene huo ni wa mbao mbili za inchi mbili. Msumeno wa bendi hula milimita chache tu. Kwa hiyo inapowezekana, chenso iangushe na kukata magogo, kisha kuchana kufanywe na kiwanda. Mwenye shamba aangalie pia visiki. Mwendeshaji aliyebeba mashine nzito huona taabu kuinama, hivyo hukata juu, na sehemu nene kuliko zote ya mti hubaki ardhini bila kulipiwa.

Kabla ya kununua, kikundi kifike ofisi ya Afisa Misitu wa Wilaya kuuliza taratibu za usajili wa msumeno na vibali vya uvunaji vinavyohusika, na kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuhusu fomu za mkopo. Kidai risiti ya kielektroniki na kitabu cha mashine. Sokoni zipo mashine za kuiga zenye rangi na umbo la zile zinazojulikana, na bei yake hushawishi. Kitabu kisichotaja uzito, ujazo wa tangi wala mtetemo ni dalili ya kutosha ya kuondoka dukani. Kiulize bei ya mnyororo, baa, plagi na mipira ya mtetemo hapo hapo, siku hiyo hiyo, kwa sababu mashine isiyo na spea Mafinga au Njombe itakaa ndani ikingoja basi la Dar es Salaam. Kwa mafunzo, Chuo cha Viwanda vya Misitu kilichopo Moshi hufundisha kazi za uvunaji na viwanda vya mbao.

Na kwa wale ambao tayari wamezishika mashine hizi miaka mingi: anayeona vidole vyake vinakufa ganzi asubuhi za baridi, au vinabadilika rangi kisha kuuma, asingoje Juni nyingine ipite. Afike zahanati ya kijiji au kituo cha afya cha kata, na kabla ya kueleza maumivu, amwambie tabibu kazi anayoifanya, aina ya mashine anayoitumia, na idadi ya matangi anayoyamaliza kwa siku.